Uzi: Nembo za "rafiki kwa wanyamapori" kwenye bidhaa na utalii, tusome masharti yaliyo nyuma ya picha

Mwanamsitu (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikizifuatilia kwa muda mrefu hizi nembo zinazobandikwa kwenye pakiti za kahawa, chai, mchele, makopo ya samaki, na siku hizi hadi kwenye milango ya hoteli za kitalii: "rafiki kwa ndege", "rafiki kwa tembo", "salama kwa pomboo". Wengi wetu tumegawanyika pande mbili. Kuna wanaoamini kila chenye picha ya jani na mnyama, na kuna wanaosema yote hayo ni ujanja wa biashara. Naona pande zote mbili zinakosea, na wanaoumia ni mnyama pamoja na mkulima anayeishi naye jirani. Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Msimamo wangu ni kwamba nembo ina thamani pale sharti lake linapomgusa mnyama mwenyewe kwa kitu kinachopimika, na pale fedha inapomfikia yule yule anayebeba hasara ya kumwacha mnyama aishi. Likikosekana moja kati ya hayo, pakiti imepambwa tu.

Nianze na kahawa, kwa sababu hapo sharti limeandikwa vizuri kuliko mahali pengi. Mbuni kwa asili ni mti wa kivulini. Tangu miaka ya 1970 mashamba mengi ya Amerika ya Kati na Kusini yalifyeka miti ya kivuli ili kahawa ikae juani na kuzaa zaidi kwa mbolea na dawa za viwandani. Ndege wanaohama kutoka Amerika ya Kaskazini kukimbia baridi wakafika na kukuta makazi yao yametoweka. Watafiti wa kituo cha ndege wahamao cha Smithsonian, Marekani, wakaanzisha nembo ya "Bird Friendly" miaka ya 1990. Masharti yake: shamba liwe la kilimo hai, kivuli kifunike angalau asilimia 40 ya eneo, miti mikuu ya kivuli ifike angalau mita 12, na mbali na hiyo pawe na aina zisizopungua 10 za miti mingine.

Hakuna mahali wanapomuuliza mkulima kama anawapenda ndege. Wanahesabu miti na kupima urefu. Mkaguzi akitoka shambani, ama miti ipo ama haipo. Nembo nyingine zingeiga hapo.

Mfano wa pili ni mchele wa Kambodia unaouzwa kwa jina la Ibis Rice. Kwarara mkubwa ni ndege wa taifa wa nchi hiyo na wamebaki mia chache tu duniani. Wanaishi kwenye misitu na madimbwi ya nyanda za kaskazini, ambako wakulima wanalima mpunga. Tangu 2009 mkulima anayeahidi kutofyeka msitu mpya na kutowinda ananunuliwa mpunga wake kwa bei iliyo juu ya soko. Akivunja ahadi, anatolewa kwenye mpango. Mchele huo una cheti cha mtandao wa Wildlife Friendly, ulioanzishwa 2007.

Karibuni tuchangie.

---

Swali Dogo

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho na nashukuru kwa mifano. Ila kuna jambo umelipita haraka. Mkaguzi analipwa na nani? Katika mifumo mingi anayekaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi. Akikagua kwa ukali, mwaka unaofuata mteja anahamia kwa mwingine. Hapo uaminifu unatoka wapi?

Pili, nembo zimejaa mno. Orodha ya kimataifa ya nembo za mazingira ina zaidi ya 450. Na mwaka 2020 Tume ya Ulaya ilipochunguza madai ya mazingira kwenye bidhaa, ilikuta asilimia 53 ni ya kuyumba, yanapotosha au hayana msingi, na asilimia 40 hayakuwa na ushahidi wowote. Mnunuzi wa kawaida atatofautishaje nembo ya miti 10 na nembo iliyochorwa na mtu wa matangazo ofisini?

---

Mwanamsitu

Swali Dogo, umegusa penyewe.

Kuhusu wingi wa nembo, sheria imeanza kusogea. Umoja wa Ulaya ulipitisha Maelekezo namba 2024/825, ambayo masharti yake yanatumika kuanzia 27 Septemba 2026. Nembo ya uendelevu isiyotokana na mfumo wa uthibitisho wenye mkaguzi huru, au isiyowekwa na mamlaka ya umma, inapigwa marufuku katika soko lao. Maneno ya jumla kama "rafiki kwa mazingira" bila ushahidi nayo yanakatazwa. Huo ni mlango mmoja umefungwa kwa wachora nembo.

Kuhusu nani analipa, kweli mara nyingi mkaguliwa ndiye anayelipa. Njia ya kupunguza ubaya wake ni kutenganisha kazi tatu: anayeandika masharti, anayekagua, na anayempa mkaguzi ithibati na kumwangalia anavyofanya kazi. Zote tatu zikifanywa na mtu mmoja, mimi naiweka nembo hiyo pembeni hata kama picha yake ni nzuri kiasi gani.

---

Jembe la Asubuhi

Wakuu, mimi ni mkulima, na shamba langu limepakana na msitu. Naomba niseme upande ambao watu wa mijini hawauoni.

Tembo akiingia shambani usiku mmoja, msimu umekwisha. Chui akibeba mbuzi wanne, watoto hawaendi shule. Halafu anakuja mtu mwenye makaratasi anakwambia ukijiunga na nembo utauza kwa bei nzuri zaidi. Bei hiyo inakuja lini? Baada ya mavuno, baada ya ukaguzi, baada ya mnunuzi kupatikana. Hasara inakuja leo usiku.

Halafu kuna hili halisemwi: unaweza kutimiza masharti yote na kulima kila kitu kwa kufuata kiwango, kisha mnunuzi wa bidhaa yenye nembo akachukua sehemu tu ya mavuno yako. Inayobaki unaiuza kama ya kawaida kwa bei ya kawaida, ilhali gharama ulizibeba kwa shamba zima. Kikundi chetu kilipitia hali hiyo kwa misimu miwili. Waliojitoa walijitoa kwa sababu hiyo, siyo kwa kuwachukia wanyama.

---

Mwanamsitu

Ndugu Jembe, asante sana. Uliyosema ndiyo nusu ya pili ya hoja yangu, na umeisema kwa uzito ambao mimi nisingeweza.

Kuna mpango uliojengwa kwa kujali hilo. COMACO ya Zambia, katika bonde la Luangwa, ilianza 2003. Waligundua kuwa wengi waliokuwa wakiwinda kiharamu walikuwa wakulima wenye njaa, ambao ardhi yao ilikuwa imechoka. Mpango ukawafundisha kilimo kinachorudisha rutuba, ukawanunulia mazao kwa bei bora kwa sharti la kuacha ujangili, na wenyewe ukasindika na kuuza siagi ya karanga, mchele na asali kwa jina la "It's Wild!". Watu wakasalimisha bunduki na maelfu ya mitego ya waya. Angalia mpangilio wake: mnunuzi alikuwepo tangu mwanzo. Hawakumpa mkulima cheti kisha wakamwacha atafute soko peke yake.

---

Karani wa Mashamba

Nimekuwa mkaguzi wa mashamba kwa miaka kadhaa kabla ya kuacha, kwa hiyo niruhusuni niongeze.

Swali Dogo, hofu yako ni ya kweli. Nimewahi kukuta shamba lenye daftari safi mno: kila siku imeandikwa, kila dawa imetajwa, na kalamu ni ile ile kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nilipokwenda nyuma ya ghala nikakuta madumu ambayo hayapo popote kwenye daftari. Ukaguzi wa siku moja kwa mwaka, tena wa kupigiwa simu kabla, hukagua maandalizi ya mkulima. Ukaguzi wa kushtukiza ndio unaokagua shamba. Kwa hiyo ukitaka kujua ubora wa nembo, tafuta kwenye kanuni zake kama kuna ukaguzi wa kushtukiza na kama majina ya waliofutiwa vyeti yanatangazwa. Nembo ambayo haijawahi kumfutia mtu yeyote, mimi siiamini.

Kuhusu sharti kumgusa mnyama mwenyewe, mfano ninaoupenda ni chai ya "Elephant Friendly", iliyotayarishwa na mtandao huo wa Wildlife Friendly pamoja na Chuo Kikuu cha Montana, na kuanzia Assam, India. Ukimuuliza mtu wa kawaida shamba la chai linamdhuru tembo kwa nini, atasema labda kwa kufyeka msitu. Ni kweli, lakini kuna kinachoua kimya kimya: mitaro ya kutolea maji. Kwenye mashamba ya chai ni mirefu kwenda chini, myembamba, yenye kingo zilizosimama wima. Ndama anatumbukia, hawezi kutoka, na mama hawezi kumvuta. Kundi zima linabaki hapo, watu wanakusanyika, vurugu zinaanza. Halafu kuna nyaya za umeme zilizounganishwa kiholela moja kwa moja na umeme wa nyumbani, na dawa zinazoachwa wazi. Masharti yanagusa vitu hivyo: kingo za mtaro zilazwe ili ndama apande, mitaro mingine ifunikwe au iwekewe vivuko, uzio wa kuua uondolewe, dawa zifungiwe. Ni kazi ya sururu na koleo, na inaokoa ndama.

Ndugu Jembe, kuhusu gharama, je, kikundi chenu kilikaguliwa kama kikundi au kila mtu peke yake?

---

Jembe la Asubuhi

Kila mtu peke yake, karani. Hatukujua kuna namna nyingine.

---

Karani wa Mashamba

Basi mliumizwa bure. Mifumo mikubwa mingi inakubali cheti cha kikundi. Mnaunda utaratibu wenu wa ndani: mnachagua wakaguzi kati yenu, wanapita kila shamba na kuandika, mnakubaliana adhabu kwa anayevunja. Mkaguzi wa nje anakuja kukagua utaratibu huo na kuchukua sampuli ya mashamba machache badala ya yote. Gharama inagawanywa. Ugumu wake ni kwamba mmoja akidanganya, cheti cha wote kinaweza kuondoka, kwa hiyo msimwingize mtu kwa sababu ya undugu.

---

Mfuata Nyayo

Habari zenu wakubwa. Mimi naongoza watalii, na nimefurahi uzi umegusa utalii, maana huko hali ni mbaya kuliko kwenye kahawa. Kahawa huwezi kuikumbatia ukapiga picha.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa watu wa Oxford uliopitia aina 24 za vivutio vya wanyama, ukilinganisha hali halisi ya wanyama na maoni ambayo watalii waliyaacha kwenye tovuti ya wasafiri ya TripAdvisor. Takriban wanne katika kila watalii watano hawakutambua kuwa mahali walipotembelea palikuwa panawadhuru wanyama. Mwaka uliofuata TripAdvisor ikatangaza kuacha kuuza tiketi za vivutio vya kugusa wanyamapori au kuwapanda.

Maana yake ni kwamba nyota tano za watalii hazitoshi kuwa ithibati. Mtalii anatoa nyota kwa furaha yake. Mtoto wa simba anayenyonyeshwa chupa anampa furaha kubwa, na mtalii haoni kuwa alinyang'anywa kwa mama yake akiwa na siku chache, wala haulizi atapelekwa wapi akikua na kuwa hatari. Afrika Kusini baadhi ya simba wa namna hiyo waliishia kwenye uwindaji wa ndani ya uzio na biashara ya mifupa. Chama cha wafanyabiashara wa utalii wa huko, SATSA, kilitoa mwongozo 2019 unaokataa kushikana na watoto wa wanyama hao.

Mahali palipofanyika vizuri ni kwenye gorila wa milimani. Mwongozo wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, ulisema watalii wasizidi wanane, saa moja kwa siku, umbali usiopungua mita saba, mwenye mafua asiende. Baada ya UVIKO umbali unaopendekezwa ni mita 10, pamoja na barakoa. Mtu anaweza kudhani ni urasimu. Gorila anaambukizwa magonjwa yetu ya njia ya hewa, na ugonjwa unaomlaza binadamu siku tatu unaweza kuua familia yao. Sasa kuna cheti cha "Gorilla Friendly" kwa hoteli, waongozaji na kampuni zinazofanya kazi kuzunguka hifadhi zao, na sehemu yake inagusa bidhaa za wakulima wa pembezoni mwa hifadhi. Idadi ya gorila hao imepita 1,000. Cheti peke yake hakikuleta hilo. Kuna askari wa doria, madaktari wa wanyama, na mgawo wa mapato ya utalii kwa vijiji. Cheti kinawabana wageni na wenyeji wao wasiharibu kazi ya hao wengine.

Siku mteja wangu aliponishinikiza tusogee karibu na kuniahidi bahshishi, nilikataa kwa kumwonyesha sharti lililoandikwa. Bila karatasi ile ningebaki mimi na neno langu dhidi ya mtu anayenilipa. Kwa mwongozaji wa kawaida, sharti lililoandikwa ni ngao.

---

Swali Dogo

Mfuata Nyayo, hilo la mwisho sikuwa nimelifikiria kabisa. Asante.

Nina swali kuhusu hoteli. Nyingi zinaandika "GSTC" kwenye tovuti zao. Je, hiyo yatosha?

---

Mfuata Nyayo

Haitoshi, na wengi wanapotoshwa hapo. GSTC ni baraza la kimataifa la utalii endelevu. Linaandika vigezo, na vina kipengele cha wanyamapori, lakini lenyewe halitoi cheti kwa hoteli. Linatoa ithibati kwa wanaotoa vyeti. Halafu kuna daraja mbili: kiwango "kinachotambuliwa" maana yake maneno yake yanalingana na vigezo, hapo tu; mtoa cheti "mwenye ithibati" ndiye ambaye namna yake ya kukagua imekaguliwa. Ukiona hoteli imeandika GSTC, uliza nani aliwapa cheti, mwaka gani, na kinaisha lini. Hoteli yenye cheti cha kweli inajibu mara moja.

---

Karani wa Mashamba

Naomba nirudi kwenye mwanzo wa uzi, maana mtoa mada alisema sharti limguse mnyama anayetajwa. Nakubali, ila lina hatari yake: linaweza kumgusa huyo na kuwasahau wengine.

Katika Pasifiki ya mashariki jodari wa mapezi ya njano huogelea chini ya makundi ya pomboo. Wavuvi wakawa wanazungushia nyavu pomboo ili wapate jodari, na miaka ya 1960 pomboo walikufa kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Mwaka 1990 Marekani ikatunga sheria ya nembo ya "salama kwa pomboo", na vifo vikashuka kwa kiasi kikubwa mno. Ni ushindi, hakuna wa kuubeza. Lakini baadhi ya meli zilihamia kuvua kwenye vyelezo, yaani vitu vinavyoelea ambavyo samaki hukusanyika chini yake. Huko nyavu zikawa zinazoa papa, kasa na jodari wachanga. Kopo lile lile lilikuwa salama kwa pomboo bila kuwa salama kwa papa. Mnyama wa kwenye nembo alilindwa, wa pembeni yake hakuwa na wa kumsemea.

---

Mwanamsitu

Karani, nakubali kurekebishwa. Mnyama wa kwenye nembo awe mlango wa kuingilia, na ndani ya masharti wawemo majirani zake.

Niongeze kuhusu ushahidi, maana kuna atakayeuliza kama haya yote yanafanya kazi. Jibu linategemea nembo. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti kutoka Gabon na Jamhuri ya Kongo uliolinganisha maeneo 14 ya kuvuna magogo, saba yenye cheti cha FSC (baraza la kimataifa la usimamizi bora wa misitu) na saba yasiyo nacho, kwa kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita. Zilikusanywa picha takriban milioni 1.3. Kwenye maeneo yenye cheti wanyama wakubwa walionekana mara nyingi zaidi, tembo na gorila wakiwemo. Sababu zinaeleweka: barabara za magogo zinafungwa kazi ikiisha ili majangili wasizitumie, uwindaji unadhibitiwa, na wafanyakazi wanapewa kitoweo kingine.

Kwenye michikichi picha ni tofauti. Utafiti wa 2018 kuhusu Indonesia ulikuta cheti cha RSPO, yaani cheti cha mawese endelevu, kilipunguza ukataji misitu kwa asilimia 33, ila mashamba yaliyopata cheti yalikuwa na chini ya asilimia moja ya msitu uliobaki ndani ya mashamba ya michikichi nchini humo. Cheti kilikwenda kwa waliokwisha kufyeka. Ndiyo maana swali la kuuliza nembo yoyote ni: anayelipwa ni nani, aliyebakiza msitu au aliyeumaliza zamani?

Na msome maandishi madogo. Kwenye mawese kuna mfumo ambapo kiwanda kinaruhusiwa kuchanganya mafuta yenye cheti na yasiyo nacho, mradi hesabu ya tani zilizoingia na zilizotoka ilingane, na pakiti iseme hivyo kwa herufi ndogo. Kuna miaka ambapo kahawa yenye nembo ya chura ya shirika la Rainforest Alliance ingeweza kuwa na asilimia 30 tu ya kahawa iliyothibitishwa, mradi asilimia hiyo iandikwe. Hayo si udanganyifu, kanuni ziliruhusu. Lakini mnunuzi alidhani pakiti nzima.

---

Jembe la Asubuhi

Nimefuatilia wote. Nimewaita wenzangu tuliokuwa kwenye kikundi, tumebaki tisa. Karani, tukitaka kuanza upya kwa njia ya kikundi, tuanze na nini kabla ya kumwita mtu yeyote wa nje?

---

Karani wa Mashamba

Anzeni na daftari la hasara. Kila usiku mnyama akiingia: tarehe, mnyama gani, amepitia wapi, amekula nini, mlifanya nini. Msimu mmoja mzima. Mtashangaa kuona hasara nyingi zinatoka sehemu mbili tatu tu za mpaka, na hapo ndipo pa kuweka nguvu. Kwa mifugo, zizi la usiku lililofungwa vizuri na mbwa wa kulinda. Namibia, shirika la kuhifadhi duma limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa Anatolia tangu 1994, na wengi wa wafugaji hao hasara zao zilipungua bila kumpiga duma risasi.

Pili, mchore ramani ya kila shamba: miti iliyopo, maji, njia za wanyama, mitaro. Msikate mti wowote mkubwa mpaka ramani iishe.

Tatu, mtafuteni mnunuzi kabla ya cheti. Mwambieni mna daftari na ramani, aseme atanunua kiasi gani na kwa masharti yapi, na aandike. Akikataa kuandika kiasi, msilipie ukaguzi.

---

Jembe la Asubuhi

Tumekaa jana jioni. Daftari limeshanunuliwa, na analiandika binti wa jirani yangu ambaye hati yake inasomeka. Usiku wa kwanza tembo watatu, wamepitia upande wa mto, hawakugusa shamba. Nitarudi hapa msimu ukiisha niwaonyeshe.